Mgeni Asiyeisha Ugeni

Mke wangu hawezi kumwona mtu anasitasita mlangoni akampita. Ni ugonjwa, na kwa kuwa nimeishi nao tangu tulipooana, ninayo haki ya kuusema. Akimwona mtu ameduwaa nje ya duka la dawa, atamuuliza anaumwa nini. Akimkuta mtu kituoni na begi, atataka kujua anakwenda kwa nani, na kama huyo mwenyeji anajua kwamba ana ugeni njiani. Kanisani walipouona ugonjwa huu, badala ya kumwombea apone, wakampa cheo: kiongozi wa mapokezi. Tangu hapo jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima, mchungaji akiwemo, unamwita Mama Karibu.

Mimi ni seremala, na katika kwaya naimba besi. Si mtu wa maneno mengi, kwa sababu maneno ya nyumba yetu ameyachukua mwenzangu yote, akaniachia kukohoa na kuitikia.

Cheo hicho kilinigusa pabaya. Nina kiti kimoja nilichojitengenezea mwenyewe, cha mbao nzito, chenye mikono mipana ya kuwekea kikombe. Miaka ya mwanzo, kanisa likiwa bado dogo, kila Jumapili Mama Karibu alirudi nyumbani na mgeni, wakati mwingine wawili, wakati mwingine familia nzima pamoja na mtoto anayetapika. Mgeni anakaa wapi? Kwenye kiti changu. Mimi nakaa kwenye kigoda, magoti yananigusa kidevu, natabasamu kwa ajili ya Injili. Nyama ikiwa ya kuhesabika, mimi nilikuwa mtu wa mchuzi.

Kisha kanisa likakua, wageni wakazidi, na wazee wa kanisa wakaamua chai ya wageni inywewe palepale, kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu. Nikarudishiwa kiti changu. Sitaficha, nilifurahi kupita kiasi, hata nikakipiga vanishi upya.

Utaratibu mpya ulikuwa hivi. Kwaya ikimaliza wimbo wa pili, katikati ya matangazo, Mama Karibu anasimama mbele na kusema, "Wageni wetu, mliokuja kwetu kwa mara ya kwanza, simameni tuzione nyuso zenu." Wageni wanasimama. Kanisa linawaimbia. Kisha benchi baada ya benchi watu wanatoka kwenda kuwashika mikono, na si kushika kwa kugusa tu, bali kule kwa kutikisa mpaka saa ya mkononi inazunguka. Baada ya ibada wanaingizwa chumba cha nyuma, wanapewa chai na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, na Mama Karibu anakaa nao uso kwa uso, anawauliza wanatoka wapi, wanafanya kazi gani, wana mke, wana mume, wana watoto wangapi. Mgeni anatoka pale amesimuliwa na amesimulia. Jumapili inayofuata anakuwa mwenyeji kama sisi wengine, anajitafutia mahali pa kukaa.

Ila Mama Karibu ana kasoro moja, nayo imetokana na kazi yake. Yeye ni dobi. Kando ya nyumba yetu kuna uwanja wenye karo mbili za saruji na kamba zinazokwenda kutoka ukuta hadi ukuta. Siku za wiki anafua mashuka ya gesti iliyo barabarani. Kuanzia Ijumaa anafua na kupiga pasi nguo za Jumapili za nusu ya waumini. Mtu anayeinamia nguo za watu mwaka hadi mwaka haangalii tena nyuso. Yeye anawajua watu kwa kola, kwa vifungo, kwa mfuko ulioshonwa upya. Siku moja alimpita mchungaji sokoni bila hata kumwitikia salamu, kwa sababu mchungaji alikuwa amevaa fulana ya mpira na kaptula. Mchungaji alikuja kwangu kulalamika, nami nikamweleza kwamba kwa mke wangu yeye ni suti ya kijivu yenye kitambaa cha ndani kilichochanika, na bila suti hiyo hayupo.

Kwa hiyo mlangoni mwa kanisa Mama Karibu alikuwa na kipimo chake cha siri. Nguo iliyopita kwenye pasi yake, au aliyokwisha kuiona mlangoni, ni ya mwenyeji. Nguo asiyoijua ni ya mgeni. Kipimo hicho hakikuwahi kumwangusha, au ndivyo tulivyodhani.

Jumapili moja alikuja mgeni mmoja tu, mwanamume wa makamo, mwembamba, amevaa shati la mistari ya buluu lenye kola pana. Alikaa benchi la nyuma karibu na nguzo. Mama Karibu alipomwona alimwendea mbio kwa furaha, akamnong'oneza kwamba atamwita asimame, na muda ulipofika akamwita. Mtu yule akasimama, ameinamisha kichwa kidogo, ametabasamu. Tukaanza kuimba.

Sasa, benchi la mbele kabisa kuna bibi mmoja ambaye benchi hilo ni kama amelirithi. Masikio yake yamechoka, lakini macho yake ni makali kuliko yetu sote. Kwa kuwa hajisikii mwenyewe anapoongea, kila anachodhani ananong'ona kinafika hadi nje kwenye baiskeli. Akageuka, akamtazama mgeni, akamgeukia jirani yake.

"Huyu si tumeshamwimbia?"

Jirani akamwekea kidole mdomoni.

"Nasema tumeshamwimbia! Wakati ule alivaa la kijani. Na kabla ya hapo la maua. Ataimbiwa mara ngapi huyu? Anakunywa chai tu!"

Wimbo ukafa. Sauti ya kwanza ikanyamaza, ya pili ikafuata, na mimi wa besi, ambaye huwa macho yangu hayabanduki kwa mwalimu wa kwaya kwa kumwogopa, nikajikuta natoa noti ndefu peke yangu kama ng'ombe aliyepotea. Kisha mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Kanisa zima likaangua kicheko, na siwezi kusema kilikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha watu waliokaa muda mrefu kwenye mbao ngumu wakapata sababu. Lakini yule bwana hakucheka. Tabasamu lake lilibaki usoni bila mwenyewe, kisha likaanguka. Akachukua kofia yake kwenye benchi, akapita mlango wa pembeni, akaenda zake.

Nyumbani Mama Karibu aliwaka moto.

"Amenichezea! Mimi! Mtu mzima anabadilisha mashati kama muigizaji ili anywe chai ya kanisa!"

"Chai yenyewe unaweka sukari nyingi," nikasema. "Ningekuwa yeye ningerudi pia."

Alinikata jicho. Akaanza kutembea sebuleni, anakumbuka kwa vidole. Shati la kijani la mikono mirefu, alikuwa mgeni aliyeongea polepole. La maua, yule aliyependa mkate wa pembeni. Jeupe lenye mfuko uliopinda, yule aliyesema anauza mitumba. La mistari, leo.

"Wote ni yeye?" akaniuliza.

"Nadhani wote ni yeye."

Akaketi. Na pale ndipo hasira ilipomtoka, nikaona kitu kingine kinaingia mahali pake.

"Nilimuuliza kama ana mke," akasema. "Kila mara ndilo swali langu la pili. Akaniambia alifariki. Nikampa pole. Halafu nikamuuliza tena siku nyingine, akaniambia tena alifariki, nikampa pole ileile kwa maneno yaleyale. Baba, mimi nimemzikisha yule mtu mkewe mara tatu juu ya kikombe cha chai. Na hakuna hata mara moja aliyoniambia, dada, hilo umeshaniuliza."

Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Usiponiamini mimi, muulize yeyote anayenijua kama hilo ni jambo la kawaida.

Jumatatu hakufua. Aliyaacha mashuka ya gesti yamelowa kwenye karo, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipougua. Alivaa viatu vya kwendea mbali akaenda kwenye vibanda vya mitumba kumtafuta, maana aliapa kwamba mtu yule hatatoka kanisani kwa kicheko akapotea hivihivi. Kila kibanda alichofika alianza kueleza mashati, na kila muuzaji akamjibu kwamba mama, hapa kila mtu ana mashati. Mwishowe mwanamke mmoja muuza sketi akamwelewa. Akasema huyo bwana leo hakufungua kibanda. Mpole sana, yuko peke yake, amehamia siku si nyingi. Anakaa nyuma ya dobi.

"Dobi gani?" mke wangu akauliza.

"Sijui jina. Anasema ni mwanamke anayeimba tangu asubuhi mpaka nguo zikauke."

Alikuja karakana yangu huku anahema, amevua kiatu kimoja amekishika mkononi.

"Weka randa chini," akasema. "Twende nyuma ya nyumba yako."

Nyuma ya uwanja wetu kuna ukuta mfupi, na ng'ambo ya ukuta kuna vyumba vya kupanga, milango imepangana. Tulivijua vyumba hivyo kama mtu anavyojua kisogo chake. Wapangaji huja na kuondoka, na sisi tuko upande huu na kamba zetu, na kila siku ya kazi mashuka ya gesti yamening'inia kuanzia juu hadi chini, meupe, mazito, yanaziba kila kitu. Jumatatu hiyo kamba zilikuwa tupu. Mlango ulikuwa pale mbele yetu, umefunguliwa. Mtu wa mashati alikuwa ameketi kizingitini anakunja suruali na kuzipanga kwa ukubwa. Kutoka kwenye karo ya mke wangu hadi alipoketi ungeweza kurusha kibanio cha nguo ukampiga.

Alipotuona akasimama haraka mpaka suruali zikaanguka. Tukaruka ukuta, mimi kwanza, kisha nikamvuta Mama Karibu, ambaye hakuumbwa kwa kuruka. Yule bwana aliingia ndani akatoka na kiti. Kimoja. Akakiweka katikati yetu, asijue amkaribishe nani, na mwisho sote watatu tukabaki tumesimama tukikizunguka.

"Kaka yangu," mke wangu akaanza, "nimekuja kukuomba radhi."

"Mimi ndiye wa kuomba radhi, dada. Nimekuaibisha mbele za watu. Lakini sikukudanganya. Hakuna siku niliyotamka kwamba mimi ni mgeni. Ulisema wageni wasimame, nikasimama."

"Lakini ulijua kwamba si mgeni tena!"

"Nilijua?" Alifikiri kwa dhati, hakuwa anabisha. "Aliniambia nani?"

Mama Karibu akafungua mdomo, akaufunga. Ni jambo la kushuhudiwa kwa nadra sana, na nilijuta kwamba sikuwa na nafasi ya kulifurahia.

Akatueleza, polepole, huku akiokota suruali na kuzikung'uta. Siku ya kwanza kanisani alishikwa mikono mpaka kiganja kikamuuma. Alipofika nyumbani alikitazama kile kiganja. Tangu mkewe afariki hakuna mtu aliyekuwa amemgusa, isipokuwa wateja wakimrudishia chenji. Wiki nzima alingoja Jumapili. Akaenda, akakaa benchi lilelile, akavaa shati lilelile. Wageni wakasimama, wengine, wakaimbiwa. Watu wakatoka kwenye mabenchi kwenda kuwashika mikono, wakampita. Mmoja alimwomba asogeze miguu. Jumapili iliyofuata hivyohivyo, na iliyofuata. Hakukuwa na aliyemkosea, alisisitiza hilo. Walimwona tu kwamba yumo. Basi siku moja akavaa shati jingine kutoka kibandani, bila mpango wowote, na mlangoni dada akamkumbatia na kumwambia karibu sana, mgeni wetu.

"Nilitaka kukwambia," akasema. "Lakini ulikuwa umefurahi sana kuniona."

Mke wangu akalia. Hakulia kwa ustaarabu, alilia kama anavyofua, kwa mikono yote miwili. Yule bwana alishtuka akampa kitu cha kwanza alichokishika, ambacho kilikuwa kaptula ya bei poa, na yeye akajifutia.

"Jumapili utarudi," akasema ndani ya kaptula.

"Nitarudi kama nani, dada? Kama mgeni siwezi tena, wameshanicheka. Kama mwenyeji, hakuna anayenijua."

Nikaona mke wangu anaiinua tena ile kaptula. Nilipiga moyo konde. Nikamwambia yule bwana kwamba kesho aje kwetu ale, na kwamba kuna kiti kizuri kimekaa bure. Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Mke wangu alinitazama kutoka nyuma ya kaptula kama vile mimi ndiye mgeni.

Alikuja. Akakaa kwenye kiti changu, mimi nikashuka kigodani, magoti kidevuni, na safari hii sikuumia sana. Siku ya pili alikuja pia, na ya tatu hatukumwita, aliruka ukuta mwenyewe. Ilidhihirika kwamba mpole yule ana ulimi. Alimwambia Mama Karibu kwamba anaimba wimbo mmoja kwa makosa tangu alipohamia, na kwamba ubeti wa tatu anauruka. Mke wangu akasema wimbo huo hauna ubeti wa tatu. Wakabishana hadi chai ikapoa, kisha wakahamia kwenye vifungo, kama shati lifungwe vyote kabla ya kuanikwa au kimoja tu cha juu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeingiza nyumbani mtu wa pili wa aina ileile. Nilikula nyama yangu kimya, maana wote wawili walikuwa wameisahau.

Lakini kanisani alikataa. Kila tukimgusia, alishusha macho akasema watu watacheka. Mimi nilisema watu watakuwa wamesahau. Akasema ndilo hasa analoliogopa.

Alhamisi mke wangu alikwenda kwa mchungaji, nami nikamsindikiza ili nimzuie asiseme ovyo, kazi ambayo sijawahi kuiweza. Mchungaji wetu ni mtu mwema anayeogopa ibada kupitiliza muda. Alidhani tumekuja kwa sababu ya aibu ya Jumapili.

"Usijali, mama," akamwambia. "Watu wameshakusamehe."

"Mimi sikuomba kusamehewa na wao, baba mchungaji. Mimi naomba muda wangu wa wageni Jumapili hii, niseme neno moja tofauti. Na kama neno hilo halitakubalika, cheo chenu nitakirudisha, mumpe mtu mwenye macho."

Mchungaji alinitazama mimi anisaidie. Nikakohoa.

"Neno refu?" akauliza.

"Fupi."

"Basi Bwana akuongoze," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwacha Bwana abebe mzigo huo peke yake.

Jumamosi Mama Karibu aliruka ukuta, akaingia chumbani kwa jirani bila kubisha, akatoka na lile shati la mistari ya buluu. Alilifua, akalitia wanga, akalipiga pasi kwa muda uliotosha kupiga pasi kwaya nzima. Akamrudishia likiwa limesimama lenyewe.

"Mimi sikulazimishi," akamwambia. "Lakini kesho nitasimama pale mbele nikiwa peke yangu, na natetemeka. Ukiwepo utakuwa umenifadhili. Hutaitwa. Hutatajwa jina."

Jumapili tulipotoka, mlango wake ulikuwa umefungwa. Mke wangu hakusema kitu njia nzima, na kutembea na mke wangu akiwa kimya ni sawa na kutembea na redio iliyoharibika. Unaitazama kila mara. Tulifika, nikaenda kwenye kwaya, yeye akasimama mlangoni akikaribisha watu kwa mdomo huku macho yakiwa barabarani. Wimbo wa kwanza ukapita. Katikati ya wimbo wa pili nikaona mistari ya buluu ikiteleza hadi benchi la nyuma, upande wa mlango wa kutokea, kofia mkononi, tayari kwa safari.

Matangazo yakaanza. Mama Karibu akaenda mbele. Watu wakaanza kutabasamu mapema, wengine wakageuza shingo kutafuta mashati.

"Wageni wetu wa leo," akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba, siyo ile ninayoijua, "naomba mbaki mmekaa kidogo. Tutawafikia, chai ipo. Leo nawaita wengine. Naomba asimame kila ambaye tangu siku ile tuliyomkaribisha hapa, hakuna mtu aliyekuja tena kumshika mkono."

Mtu akakohoa, nadhani ni mimi. Nilitazama benchi la nyuma: hakusimama. Nilitazama mabenchi mengine: hakuna. Mke wangu amesimama pale katika gauni lake la mikunjo, mikono ameifumbata. Nilimwogopea. Nilijua kwamba akirudi kitini kwake hivi, hatasimama tena mbele ya mtu yeyote, wala mlangoni hataonekana, na mtu wa nyuma naye atachukua kofia yake, basi yataishia hapo.

"Amesema nini?" bibi wa benchi la mbele akauliza.

Jirani yake akamwinamia sikioni, akamrudia.

"Ee?"

Akamrudia tena.

Bibi akatafuta mkongojo wake chini ya benchi. Ulichukua muda kupatikana. Akaushika, akajisukuma, akapanda kidogo kidogo mpaka akawa wima.

"Mimi," akasema. "Kila Jumapili nipo hapa. Wananiambia nyamaza tu."

Hakuna aliyecheka. Kisha mpiga ngoma akaweka fimbo zake chini, akasimama. Mwalimu wa shule ya Jumapili akasimama na mtoto begani. Mama mmoja wa kamati ya mapokezi yenyewe, yule anayemimina chai, akasimama bado ameshika trei. Wakasimama wawili kule dirishani, kisha benchi zima. Upande wangu wa kushoto mwanakwaya ambaye tumeimba naye besi miaka yote, bega kwa bega, daftari moja la nyimbo, akasimama pia. Nilimtazama, nikaona haya, kwa sababu nilikuwa sijui hata anakaa wapi. Nikampa mkono. Ulikuwa umelowa jasho, na wangu pia.

Mchungaji alisimama mdomo wazi, amesahau saa. Mama Karibu naye alikuwa amebaki ameduwaa, maana kwa watu wa namna hii hatukuwa na wimbo wowote.

Ndipo nilipoona mistari ya buluu inainuka. Nilisema moyoni, huyo anaondoka. Lakini hakuelekea mlangoni. Alikuja njia ya katikati, taratibu, shati limenyooka halina hata kunyanzi moja, na watu waliosimama wakamgeukia kumpisha, mpaka akafika benchi la mbele. Akasimama mbele ya bibi, akampa mkono.

Bibi akaupokea. Akamkazia macho, uso, kisha shati, kisha uso tena.

"Wewe ni mgeni?" akamuuliza, kwa sauti yake ileile ya kufika nje.

"Hapana, bibi," akasema. "Mimi ni wa hapa."

"Basi kaa, mwanangu," bibi akasema, bila kumwachia mkono. "Unanizibia."